Mwaka Dorca Alipoacha Ugali

Zadock, fundi wa redio mjini Kisumu, ndiye aliyeyataka mwenyewe. Mwaka 1993 alimwambia mkewe Dorca kwamba amenenepa mno. Mteja mmoja wa Milimani alikuwa amemsimulia jinsi alivyopungua kwa kuacha ugali, mkate na viazi, akabaki na samaki, mayai na mboga. Dorca alinuna siku nzima, kisha akajaribu.

Wiki za kwanza zilimtesa. Kichwa kilimgonga, choo kikawa kigumu, na pumzi yake ikatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Lakini miezi ilivyosonga magoti yaliacha kumuuma, na daktari akafurahi kuona presha imeshuka. Zadock alijisifu utadhani ni yeye aliyeacha ugali.

Ila miaka hiyo mtu akikonda kando ya ziwa, hakuna aliyeuliza anakula nini. Watu walishajua, au walidhani wanajua, ni ugonjwa gani. Majirani wakaanza kumkwepa Dorca, naye akamsihi mumewe awaeleze. Zadock aliona haya. Mwanamume gani asimame kutangaza kwamba alimnyima mkewe ugali? Akanyamaza, mwoga yule, na ulimi wa watu hauna mfupa.

Kisha wakaenda Bondo kumzika baba mdogo wa Zadock. Wakati wa kula, wanawake waliuzunguka ugali mmoja. Dorca alinawa akasogea, tayari kumeza tonge moja mbili kwa heshima ya wafiwa. Wifi yake akamwekea sahani yake peke yake, pembeni. Dorca aliipokea, akashukuru kwa sauti ndogo, akamtazama mumewe.

Zadock alitamani ardhi ipasuke immeze. Dhambi ilikuwa yake, na mkewe ndiye aliyekuwa akiilipia mbele ya ukoo mzima. Alimfuata mama yake jikoni kabla ujasiri haujamtoka.

"Mama, Dorca si mgonjwa. Ni mimi nilimwambia aache ugali ndio apungue. Makosa ni yangu."

Mama alimtazama kwa huruma, akamshika mkono.

"Bwana mzuri anaficha bibi yake, wuoda," alisema. "Baba yako pia angenificha hivyo. Lakini wewe mwenyewe, mtoto wangu, umeshapimwa damu?"

Zadock akaapa kwa jina la Mungu. Kadiri alivyoapa, ndivyo mama alivyozidi kulia.