Nyumba Tuliyoiruka Mwezi wa Rozari

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki hapa Bangwe, kando ya ziwa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga orodha ya mwezi wa kumi. Mwezi huo ni wa Rozari. Sanamu ya Bikira Maria huhama kila jioni kutoka nyumba moja hadi nyingine. Wenyeji wa jana huipeleka kwa wenyeji wa leo kwa nyimbo, watu husali, hunywa chai, na Mama hulala pale mpaka kesho. Hakuna nyumba iliyo duni kiasi cha kutompokea. Ndivyo nilivyofundisha, maana nilikuwa pia katekista, na namshukuru Mungu kwa kila mtoto niliyemfundisha ishara ya msalaba.

Lakini kulikuwa na nyumba moja ambayo Mama hakuwahi kuingia. Ilikuwa ya mjane aliyeishi kwa kubanika samaki wa ziwani, migebuka, na kuwauza. Babu yake alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa na kubatizwa hapahapa. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mtoto wa jirani alipofariki ghafla, watu waliyatazama macho yale, wakakumbuka Kongo, wakamaliza kesi bila baraza: mchawi. Hakuna aliyempiga wala kumtukana hadharani. Walimwacha tu.

Zamu yake ilipofika, mimi niliandika kwenye orodha: "Kigangoni." Jioni hiyo tulisali wote katika kanisa letu dogo, na hakuna aliyelazimika kusema kwamba kuna mtu amerukwa. Mwaka uliofuata nikaandika hivyo tena. Nilijiambia kwamba ninalinda amani, kwamba watu watabadilika polepole. Wakati huohuo nilihudhuria semina ya parokia juu ya haki za binadamu, nikajaza daftari zima, nikarudi kuwaeleza wenzangu kwamba utu wa mtu hauangalii kabila wala asili. Mjane alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anasikiliza.

Mwaka juzi tulikuwa na mpangaji, fundi wa mitambo kutoka Sri Lanka aliyekuja kwa kazi ya bandarini. Alikuwa Mbudha. Mtaani walimwita Mhindi, na waliposikia ana sanamu chumbani wakamwita mpagani. Alikuwa mtu mtaratibu. Mende akiingia ndani alimbeba kwa karatasi na kumtoa nje, na mke wangu alikuwa akimwambia, "Baba, huyo atarudi kwa mlango wa jikoni!" Kiswahili alijifunza Dodoma, kilimtosha.

Siku moja mwishoni mwa mwezi wa tisa nilikuwa barazani na orodha yangu, mpangaji akinywa chai pembeni, mjane akaingia uani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katibu."

"Milele amina, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Mwaka huu Mama atafika kwangu?"

Nikasema orodha bado haijakamilika.

"Kila mwaka bado," alisema, bila hasira. "Kifua changu kimeharibika, Katibu. Nataka alale kwangu mara moja tu. Nikifa mtakuja wote, najua, msiba hamkosi. Mimi nataka mje nikiwa nawaona."

Alipoondoka, mpangaji akaniuliza, "Mzee, yule mama amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Sasa?"

Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye neno "Kigangoni" sauti yangu ilipungua yenyewe. Akaweka kikombe chini, akasema, "Kwetu tunafundishwa kwamba mtu hawi mkubwa kwa kuzaliwa, bali kwa matendo yake. Watoto wote wanajua. Lakini mjomba wangu alitaka kuwa mtawa, na hekalu la karibu likamkataa kwa sababu ukoo wetu unahesabiwa duni. Akaenda mbali, kwa watawa wengine wanaopokea watu kama sisi."

"Na waliomkataa walimwambiaje?"

"Walimpa chai. Walikuwa wapole sana, Mzee. Kama wewe."

Hakusema kwa kunichoma. Nikajitetea kwamba sisi tunaamini kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo heshima yake hatukumpa sisi na hatuwezi kuiondoa. Akasema wao hawaanzii kwa Muumba, wanaanzia kwenye maumivu: kila kiumbe kinaumia kama ninavyoumia mimi. Tukakubaliana kwamba kwa imani yake au yangu, ilipasa watu waende kwa yule mama. Nikaandika jina lake kwenye tarehe yake.

Mwenyekiti wetu, mama mfanyabiashara mwenye sauti ya sokoni, alikuja kesho yake na nakala ya orodha mkononi.

"Katibu, umeandika nini hapa? Umechoka kuishi?"

"Ni mwanajumuiya, Mwenyekiti."

"Sikatai. Aje asali. Lakini macho yale hata migebuka wanayaogopa! Mimi mguu wangu haufiki, na wajukuu wangu hawafiki."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na Injili, nilikuwa na daftari la semina, nilikuwa na mvi. Nikasema, "Tutaona siku ikifika." Jumapili nilisimama kutoa matangazo, nikasoma tarehe na nyumba kwa haraka, nikaketi.

Siku ilifika. Mchana ilinyesha mvua, ikakatika kabla ya saa tisa. Wenyeji wa jana walituma ujumbe kwamba wana mgonjwa na hawataweza kumpeleka Mama. Tukaenda kumchukua watatu: mimi, mke wangu na mpangaji, ambaye hakuwa hata muumini mwenzetu. Magoti yangu hayaniruhusu kubeba kitu kwenye utelezi, kwa hiyo sanamu aliibeba yeye, ameifunika kwa nailoni, ameikumbatia kama mtoto. Mke wangu aliimba peke yake. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka dirishani, "Leo Mama kabebwa na Mhindi! Kanisa limeisha!" Wengine wakacheka. Mpangaji alikuwa anaangalia anapokanyaga.

Mjane alikuwa amefagia mpaka barabarani. Aliazima mabenchi. Jikoni kulikuwa na sufuria mbili kubwa za migebuka kwa mawese, na ugali wa muhogo wa watu arobaini. Alipiga magoti kumpokea Mama, kisha akatazama nyuma yetu.

"Wengine wanakuja?"

"Tusubiri kidogo," nikasema.

Tulisubiri mpaka giza lilipokaribia. Tukaanza Rozari. Kila tendo lilipoisha aligeuka kuutazama mlango, na mimi nilikuwa nikisoma litakalofuata bila kusikia ninachosoma. Najua maneno ya Bwana juu ya wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake. Nimeyahubiri mara nyingi. Jioni ile sikuthubutu kuyatumia, maana yangenifariji mimi na si yeye.

Baada ya sala alitupakulia, akatupakulia tena. Mpangaji alikula mpaka akashindwa. Mwisho akakaa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Katibu, kwani ni nini kimewazuia?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Nikasema, "Mvua, mama."

Nje hakukuwa na hata tone, nyota zinaonekana. Akaitikia, "Ndiyo, mvua," akaanza kufunika masufuria.

Kesho yake hakuna aliyekuja kumchukua Mama. Mjane alimbeba mwenyewe mpaka kwa mwenyekiti, akaambiwa amweke chini nje ya mlango, Mama akae hapo mpaka padri aje kumnyunyizia maji ya baraka. Tangu hapo haji tena kwenye jumuiya. Huja misa ya kwanza tu, hukaa nyuma, na akiniona hunisalimia kwa jina la Yesu. Namshukuru Mungu kwamba bado ananisalimia. Ukatibu nimeuacha. Lakini kwamba nilimdanganya, sijamwambia, na kila Jumapili nasema nitamwambia inayofuata, huku kikohozi chake nakisikia mpaka mbele nilipokaa.