Bidoni la Historia

Chuo chetu cha Butembo kilipata Kituo cha Historia ya Jimbo kabla ya kupata paa lisilovuja. Kilikuwa vyumba vichache nyuma ya duka la vitambaa, na mvua ikinyesha tulisukuma madawati ukutani, profesa akaendelea kutueleza asili ya watu wetu huku ameshika mwavuli. Vita vilikuwa vimeigawa nchi vipande. Kipande chetu kilitawaliwa na kundi la waasi lenye rais wake, mawaziri wake na mihuri yake, wote wakikaa Beni. Serikali ya namna hiyo, isiyo na baba wala mama, hupenda sana historia. Ilitaka kitabu kitakachoonyesha kwamba milima hii imekuwa na wenyewe tangu zamani, na profesa naye alitaka kuonekana Beni. Walielewana upesi.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa historia, binti wa shemasi wa Kiprotestanti kutoka Masereka, kule juu penye baridi, kabichi na viazi. Nilikipenda chuo kile. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani kwamba dharau yangu ni ya mtu aliyefukuzwa.

Kwetu mzee hafungui mambo ya ukoo bila kibuyu cha kasikisi, ile pombe ya ndizi, kuwekwa mbele yake. Humwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, hunywa, kisha husema. Ni desturi, na siidharau. Ninachodharau ni jinsi profesa alivyoichukua akaigeuza kanuni ya sayansi. Mzee asiyemwaga pombe, alituandikia ubaoni, hana mapokeo. Nasi tukanakili.

Sasa, hata mtoto wa milimani anajua kwamba Waprotestanti wa kwetu hawagusi pombe. Hawanywi, hawapiki, hawaiweki nyumbani hata kwa ajili ya mgeni. Kanuni ya profesa iliwafuta wote kwa chaki moja. Naye alilijua hilo vizuri, maana mama yake mwenyewe aliimba kwaya ya Kiprotestanti hadi sauti ikamwisha. Lakini mtu akishavaa tai na kuitwa msomi, mama yake huwa mfano usiofaa.

Basi kila kundi la utafiti lilipewa kinasa sauti, betri, daftari na bidoni, yaani dumu la plastiki, la njano limejaa kasikisi. Bidoni, alisema profesa, ni chombo cha kazi kama hadubini ya daktari. Na alikuwa na kanuni ya pili: mtu asitafiti mlima wa kwao, kwa ajili ya kile alichokiita objectivité, yaani kutopendelea. Kwa hiyo vijana wawili wa Beni, ambao hawajawahi kumiliki sweta, walitumwa Masereka. Mimi, binti wa shemasi, nikatumwa Kalunguta na pombe kichwani.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja aliinuka kwenye gogo, akalinusa bidoni.

"Yaya, nini oyo? Masanga? Pesa biso tomela."

Kwa Kilingala chake alitaka niwape pombe ile wanywe, yeye na wenzake. Nikawaambia ni ya chuo, ni ya historia. Walicheka sana, wakainywa historia ile nusu nzima, wakaniacha nipite. Ndiyo maana katika kitabu cha chuo sura ya Kalunguta ni fupi. Wazee wa kule walikuwa na mengi ya kusema, ila bidoni liliisha mapema, na kanuni ni kanuni.

Yaliyotokea Masereka niliyasikia kwa papa, baba yangu mwenyewe, nilipokwenda likizo. Vijana wa Beni walifika wakitetemeka. Papa akawakaribisha, akawaombea, akawapa chai ya maziwa na viazi vya moto. Kisha akaanza kuwasimulia: babu yake alifika mlima wetu ukiwa msitu, akaangusha mti wa kwanza pale kwenye chemchemi, na makaburi ndiyo yale pale, waende wakayaone. Wakati wa sala vijana walikuwa wamezima kinasa sauti ili betri zisiishe bure, na sala ilipokwisha hawakukiwasha tena. Mmoja aliuliza kama mzee hana hata kibuyu kidogo. Papa akajibu kwamba nyumba hii haijaingiza pombe tangu baba yake abatizwe. Wakamaliza viazi, wakashukuru, wakavuka kijito na bidoni lao kwenda kwa jirani yetu Mkatoliki, mtu mwema na mcheshi. Huko walikaa hadi jua likashuka.

Kitabu kilizinduliwa Beni kwa shangwe, na wanafunzi tulipandishwa lori twende tukapige makofi. Jenereta lilinguruma hata hatukuyasikia maneno ya waziri, jambo ambalo naliweka katika rehema za siku ile. Profesa alizunguka akipeana mikono. Mimi nilifungua ukurasa wa Masereka nikausoma nimesimama. Mlima wetu wote, kuanzia chemchemi hadi kwenye mikaratusi, ulifyekwa kwanza na mababu wa jirani yetu. Sisi tulipewa sentensi moja: ng'ambo ya kijito wapo Waprotestanti, waliokuja baadaye, wasio na mapokeo.

Asiyetoka kwetu anaweza kuona hiyo ni sentensi tu. Kwetu, aliyefyeka msitu kwanza ndiye mwenye ardhi, na aliyekuja baadaye humpelekea mbuzi kukiri kwamba analima kwa hisani. Ukishampeleka mbuzi huyo mara moja, basi. Wewe ni mgeni, watoto wako ni wageni, na siku mwenye mlima akiwataka mwende kwingine mnafunga mizigo. Na wakati ule wa vita, pamoja na watu wote waliokuwa wakikimbilia milimani, kufunga mizigo kulikuwa kwenda kufa njaa barabarani.

Jirani alikuja mwenyewe, kitabu kimefungwa kwenye plastiki. Hakutaka kuketi.

"Shemasi, miye sikusema vile. Nilisema tu ya kwetu, hawakuniuliza ya kwako. Mais batu ba chuo ndjo banaandika. Sasa batoto yangu banasoma, banauliza: mbuzi iko wapi?"

"Na weye unasema nini?" papa akamuuliza.

"Miye niko muzee. Batoto beko bengi, udongo iko kidogo."

Siwezi kumchukia mtu yule. Kwa miaka yote walikuwa wakipeana mbegu za viazi, na ugomvi huu hakuutunga yeye. Walipelekana kwa chifu. Chifu alikuwa amekwisha kupokea nakala yake ya kitabu, yenye muhuri wa waasi, na hakuwa mtu wa kubishana na muhuri wenye bunduki nyuma yake. Aliamua kwamba chuo kikisema hivi, ni hivi. Lakini akasikia kwamba kitabu kitachapwa mara ya pili, akakubali kungoja. Chuo kikibadilisha maneno, naye atabadilisha hukumu.

Nikamwendea profesa. Alinisikiliza akifuta miwani.

"Mademoiselle, sisi hapana tribunal, hapana kukata kesi. Ni science. Papa yako angetoa hata gilasi moja, tungemuandika. Donc, atayarishe mazingira. Nitapanda miye mwenyewe."

Mazingira! Neno hilo nililibeba hadi Masereka kama mtu aliyebebeshwa takataka. Nilimwambia papa kwamba wanataka pombe, na nikalia kwa hasira mbele ya mama. Papa akatazama upande wa makaburi.

"Mungu anajua ile udongo ni ya nani," akasema. "Chifu anajua kitabu tu. Lete ndizi."

Kwenye baridi yetu ndizi haizai vizuri, kwa hiyo nilizifuata Kalunguta, kupitia kizuizi kilekile. Wa kumfundisha papa kupika kasikisi alipatikana ng'ambo ya kijito: mke wa jirani, ambaye alikuja bila kualikwa na bila kumuaga mumewe. Alimchimbisha shimo, akamwonyesha kulitandika majani na kuzivundika ndizi humo. Hazikutaka kuiva. Papa alikuwa akiamka kwenda kuzipapasa, shemasi mzima, amepiga magoti kwenye shimo la pombe. Zilipoiva hatimaye, akakunja mikono ya shati lake la ibada na kuanza kuzikamua kwa majani.

"Shemasi, hapana kufua nguo!" mama yule akapiga kelele, akicheka hadi akaketi chini. "Kamua polepole!"

Hata mama yangu alicheka. Baada ya hapo wakachanganya unga wa mtama uliokaangwa, wakaifunika, ikaanza kuchemka yenyewe kwenye kona tuliyozoea kuwekea Biblia na taa.

Profesa akapanda kama alivyoahidi, na mpiga picha. Alionja, akafumba macho, akasema mazingira ni mazuri kabisa. Papa akashika kibuyu. Akamwaga chini kama anayemwagilia kabichi, akalowesha midomo, akakunja uso, kisha akasema. Alisema msitu ulivyokuwa, mti wa kwanza uliangukia wapi, nani amelala kaburi lipi, mpaka unapita wapi na nani alikuwepo ulipopandwa. Nilichungulia kinasa sauti: taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Nilifurahi, sifichi. Nilidhani nasikiliza mlima wetu ukirudi mikononi mwetu, na nilimpenda profesa kwa muda wa kama nusu saa.

Harufu ya kasikisi haina adabu, ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Papa aliondolewa kwenye benchi la mashemasi, akaambiwa akae nyuma karibu na mlango, na meza ya Bwana asiiguse mpaka atubu mbele ya watu. Wazee wa kanisa waliomhukumu walikuwa wamekunywa chai yake miaka mingi, na mmoja wao analima upande wetu uleule wa kijito, kwenye ardhi ileile iliyokuwa inagombaniwa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Akakaa nyuma, kofia juu ya magoti, akisubiri kitabu.

Kitabu kilikuja. Toleo la pili lilikuwa na karatasi nzuri zaidi na picha. Papa alikuwemo, ukurasa mzima, na kibuyu mkononi, na chini yake pameandikwa: mzee wa desturi akimwaga kasikisi. Msitu haukuwemo. Makaburi hayakuwemo, wala chemchemi. Ile sentensi yetu ilikuwa mahali pake, Waprotestanti, waliokuja baadaye, wasio na mapokeo, haikuguswa hata nukta.

Profesa alikuwa anafunga sanduku la safari ya Beni nilipomkuta. Niliuliza maneno ya papa yako wapi. Hakukasirika, alinieleza kwa upole kama anayemsaidia mwanafunzi mzito.

"Mademoiselle, nilizungumza na ule mama mwenye alimusaidia. Papa yako alitengeneza kasikisi mara ya kwanza mu maisha yake. Mutu mwenye anajifunza desturi juzi, tutasema iko na mapokeo? Hapana. Mais picha ni nzuri sana."

Bila pombe hakuwa na mapokeo, na kwa pombe hakuwa nayo vilevile. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na nimewasikia wasomi wa kila aina, na bado sijakutana na upumbavu uliopigwa pasi vizuri kuliko ule. Profesa akapanda lori. Huko Beni, wenzangu waliniambia, alisema kwamba chuo kimewarudishia wananchi kumbukumbu yao, na waziri akasimama kumpigia makofi.

Nilimpelekea papa nakala. Aliitazama picha yake muda mrefu, akasema wamempiga picha upande mbaya, upande wa jino lililong'oka. Chifu naye alikuwa amepata yake na hukumu ilikuwa tayari. Asubuhi papa akafungua banda, akachagua mbuzi mzuri, si yule mgonjwa ambaye mimi ningempeleka, akamfunga kamba na kuvuka naye kijito. Mama hakutoka jikoni. Mimi nilisimama uani nikamtazama akipita mbele ya makaburi ya baba yake na babu yake, mbuzi akisimamasimama kula majani yaliyoota juu yao.

Alirudi na kamba tupu. Akaitundika nyuma ya mlango, akanawa mikono, akaketi karibu nami.

"Mwaka kesho munaandika mulima gani?" akaniuliza.

"Kipese, papa."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Bapashe habari mapema," akasema. "Kule nako iko baridi, ndizi inakawia kuiva."