Dod Lownie Atoka Jikoni

Miaka yote Dod Lownie alikuwa mtu wa jikoni, nyuma ya duka. Wateja wa duka la mikate la Bi Nettie Soutar, pale mjini Forfar, Uskoti, waliijua kazi ya mikono yake tu: zile sambusa kubwa ziitwazo bridi, za nyama na shahamu, unga umekunjwa mfano wa kwato ya farasi. Walizila tangu utotoni bila kumsikia akisema zaidi ya "naam". Ukimsalimia barabarani, uso unamwiva kwa haya.

Sasa nyonga ya Bi Nettie ilikuwa imegoma, na bwana mmoja wa mji wa Dundee alitaka kulinunua duka auzie simu za mkononi.

"Dod, mwanangu," Nettie akamwambia, "kuoka unajua. Lakini duka ni mdomo. Jumamosi hii simama kaunta peke yako. Ukiweza, nakuachia uliendeshe. Ukikimbia, namwita wa Dundee."

Jumamosi alfajiri Dod alikunja bridi huku akili yake iko kaunta. Forfar kila mtu anajua: bridi yenye tundu moja juu haina kitunguu; yenye matundu mawili inacho. Dod alizitoboa zote tundu moja. Alikuja kushtuka zimeshatoka tanurini, zimechanganyika, na foleni iko mlangoni kwa sababu kulikuwa na mechi ya mpira.

Wa kwanza alikuwa Isobel Crichton, ambaye kitunguu humchoma kifua siku nzima.

"Nipe mbili za tundu moja, Dod. Nani kakufungulia mlango wa jikoni leo?"

Watu wakacheka. Dod akautazama mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi. Angeweza pia kunyamaza, akauza tu.

"Bi Isobel, usichukue. Zote zina tundu moja. Nimekosea. Yenye kitunguu siijui ni ipi."

Eck Petrie, fundi bomba, akapaza sauti kutoka nyuma ya foleni: "Jamani! Miaka yote hasemi, na siku anayosema anatuletea msiba!"

Kicheko kikalipuka, na Dod akajikuta naye anacheka. Akashika kisu, akaipasua bridi ya kwanza katikati. Mvuke ukapanda. Akachungulia.

"Kitunguu! Nani wa kitunguu?"

"Mimi hapa!" akasema Eck.

"Haya, lilete hilo domo."

Baada ya hapo ikawa kama mnada. Watu walibahatisha kabla kisu hakijashuka, na aliyekosea alizomewa. Isobel alipata zake mbili, lakini hakuondoka; alisimama pembeni akitangaza, "Hiyo bila kitunguu! Hiyo bila, nawaambia!" na mara nyingi alikosea. Mechi ilipoanza, sinia zilikuwa tupu.

Nettie akaingia na mkongojo wake.

"Nasikia umetoboa vibaya."

"Naam."

"Na nasikia umemwambia Eck ana domo."

"Naam." Dod akasita. "Si analo?"

Nettie alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akainua simu, akamwambia yule bwana wa Dundee atafute duka lingine.

Dod alisimama na aproni yake yenye unga, hajui aende jikoni au abaki. Mlango ukafunguliwa, mama mmoja mgeni akachungulia.

"Zimekwisha, dada," Dod akasema kabla hajaulizwa. "Lakini Jumatatu njoo mapema, nitakuwepo hapa hapa."