Unavi Anamtakia Orina Krismasi Njema

Kijijini kwetu Tumerval, kwenye nchi yetu sisi Wamari, ukimuulizia mtu ambaye hajawahi kuguswa na maji ya ubatizo, utaelekezwa kwa Unavi. Ukimuulizia anayekwenda kanisani kila Jumapili, hata theluji ikiwa imefika magotini, utaelekezwa kwa Orina. Hutatembea sana, maana nyumba zao zimetenganishwa na uzio wa mbao tu. Sisi wengine tuko katikati. Krismasi tunawasha mishumaa kwa padri, kiangazi tunapeleka bata bukini kwenye msitu wa sala kwa kuhani wetu Yambulat, na Mungu wa upande wowote akituuliza, tutamjibu kwamba tulikuwa tunapita.

Wageni hudhani Unavi aliushika upande wake kwa msimamo. Ukweli ni kwamba padri alipopita kwa siri kubatiza watoto, zamani zile serikali ilipokuwa haitaki kusikia habari za makanisa, Unavi alikuwa amelala na matubwitubwi, mashavu yamevimba kama maboga, na bibi yake akakataa kumtoa kwenye baridi. Padri hakurudi tena. Unavi akakua akiomba alivyofundishwa na bibi, amesimama uani kila asubuhi, amelielekea jua, akimshukuru Mungu Mkuu Mweupe kwa mkate na kwa ng'ombe. Na Orina, huyu nguzo ya kanisa, ndiye ujanani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono mkutanoni na kutangaza kwamba Mungu hayupo. Alitangaza kwa sauti nzuri sana. Leo sauti hiyohiyo inaongoza kwaya.

Wote wawili walikamua ng'ombe wa shamba la ushirika mpaka shamba lenyewe likafa. Walizaa msimu mmoja wa baridi, wakabadilishana watoto wa kunyonyesha mmoja alipougua, na walipogombana waligombania kuku, mbegu za vitunguu na wanaume. Kuhusu Mungu hawakugombana hata siku moja. Hawakuwa na nafasi.

Kilichowatenganisha ni chapati.

Mume wa Unavi, Toymet, dereva wa trekta, alifariki mwezi wa kumi na moja, ardhi ilipokuwa inaanza kuwa ngumu. Kwenye arobaini yake Unavi alioka chapati zetu za tabaka tatu, zile ambazo kila tabaka huokwa juu ya lingine, na mtu asiyejua huunguza la chini na kuacha la kati bichi. Watu wamekaa, wanakula kwa utulivu, wanamkumbuka marehemu. Orina akauma kipande, akatafuna, akasema kwa sauti ile ya kwaya, "La kati bichi."

Unavi aliinuka. Alisema maneno ambayo mbwa wa mtaa mzima waliyaitikia. Akamfungulia Orina mlango, akaufunga nyuma yake, na kwa miaka sita akawa anampita kisimani kama anavyopita nguzo ya umeme.

Sasa, jumba letu la utamaduni linasimamiwa na Elvira, mwanamke mwema, mwoga wa simu. Karibu na mwisho wa mwaka simu ililia kutoka wilayani. Mwaka huo Krismasi na Shorykyol, yaani sikukuu yetu ya Mguu wa Kondoo, ziliangukia wiki moja, na wakubwa walitaka filamu fupi: Mkristo mmoja na mpagani mmoja wa kijiji chenye amani, kila mmoja akimtakia mwenzake heri ya sikukuu yake, kwa heshima. Elvira alijibu ndiyo, hakuna shida. Alipoweka simu chini ndipo alipopiga hesabu. Mkristo asiye na doa tulikuwa naye mmoja. Mpagani asiye na doa, mmoja pia. Yambulat angefaa, lakini meno yalikuwa yamemwisha, na akisalimia watu hudhani anafukuza kuku.

Alianzia kwa Unavi.

"Mama Unavi, wilayani wanahitaji mpagani."

"Wanataka kumfanya nini?"

"Kumpiga picha tu."

"Na huyo mpagani ndiye mimi? Kawaambie mpagani ni shangazi yao."

"Basi tutasema mfuasi wa dini ya jadi."

"Refu hilo. Litaenea kwenye picha?" Unavi aliendelea kuchambua sufu. "Na ninamsalimia nani?"

Elvira alianza kumsaidia kuchambua. "Orina. Yeye ameshakubali."

Mikono ya Unavi ilisimama. "Orina amekubali kunisalimia? Mimi?"

"Tena ameshajifunza maneno."

"Hm. Basi nami nimekubali. Asije akatangaza kwamba mwenye roho ngumu ni mimi."

Elvira akatoka, akazunguka uzio, akagonga mlango wa pili na kutoa uongo uleule kwa moyo mzito zaidi, maana huku kulikuwa na picha za watakatifu ukutani, juu ya kitaa cha mafuta, zinamtazama.

"Unavi amekubali?" Orina alishika shavu. "Yule? Anaumwa?"

"Mzima kabisa, mama."

"Basi nitakuja. Tumeamriwa tusamehe. Lakini sisemi samahani, mwanangu, hilo usilitegemee."

Elvira akawaandikia maneno mazuri, yenye "heshima kuu" na "mshikamano" na "urithi wa mababu", akampa kila mmoja ya kwake akayasome. Nadhani hata yeye hakuyaamini, lakini yalikuwa ya usalama.

Siku ya kupigwa picha jua liliwaka bila kutoa joto. Kijiji kizima kilikuwa barabarani, kila mtu amejikuta ana shughuli ya ghafla karibu na lango la Unavi. Mpiga picha aliitwa Artyom, kijana mpole wa mjini, ndevu zimeganda barafu, hajui neno la Kimari hata moja. Orina alivaa shali lake jipya na msalaba ameutoa nje ya koti, uonekane. Unavi alivaa gauni jeupe la kutarizi na kile kifuniko cha kifua kilichoshonewa sarafu za fedha za bibi yake, zinalia akipumua.

"Huyu awe ameshika kitu cha jadi," Artyom alisema kwa Kirusi. "Chakula, kwa mfano. Halafu mwenzake aonje."

Elvira hakupata hata nafasi ya kutafsiri. Unavi alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na sahani imefunikwa kitambaa. Alikifunua. Zilikuwa chapati za tabaka tatu, zinatoa mvuke. Uzioni mtu mmoja alisema "Mama yangu," na mwingine akamnyamazisha.

"Waseme kwa lugha yao," Artyom aliagiza. "Inapendeza zaidi. Tafsiri tutaiandika chini baadaye."

Kamera ikawashwa. Unavi alitabasamu kama alivyoelekezwa.

"Jirani yangu Orina, kwa heshima kuu nakutakia Krismasi njema." Hapo maandishi ya Elvira yakamtoka kichwani yote. Artyom akamzungushia mkono, aendelee. Unavi akaendelea, kwa sauti ileile ya asali. "Na Mungu wako akuponye ulimi, maana wangu nimemwomba miaka sita na ameshindwa."

Orina aliinamisha kichwa kwa adabu. "Asante, jirani. Nami nakutakia Shorykyol njema. Kondoo wako wazae mapacha, na mapacha hao wawe na adabu kumshinda mwenye zizi."

"Safi!" Artyom alinong'ona. "Safi sana! Mwambie waendelee."

Elvira alikuwa mweupe kuliko theluji aliyoikanyaga. "Endeleeni," alisema, hana la kufanya.

"Miaka sita," Unavi alisema, tabasamu lipo palepale, "hukuuliza hata kama nimekufa."

"Niulize nini? Nyayo zako za kwenda zizini naziona kila asubuhi. Siku ningezikosa ningevunja mlango."

"Uliniaibisha mbele ya marehemu."

"Marehemu alikuwa hasikii. Nilitaka usikie wewe." Orina alinyoosha mkono akamrekebishia Unavi ukosi, na kwa mbali ilionekana ishara ya upendo, Artyom akasogeza kamera karibu. "Tangu mazishi ulikaa kwenye benchi kama gogo. Huli, husemi. Ng'ombe wako nilikuwa nakukamulia mimi, ulijua? Tulikulilia, tukakuimbia, Yambulat akakuombea msituni, mimi nikakuwashia mshumaa, hata kama hujabatizwa. Hakuna kitu. Nikasema imebaki kumkasirisha. Na ulikasirika, au hukukasirika? Kesho yake ulipasua kuni za mwezi mzima, nakusikia kutoka kitandani!"

Tabasamu la Unavi lilibaki usoni kwa ajili ya kamera, lakini alikuwa amesimama wima bila kutikisika, na bado sarafu kifuani mwake zilianza kulia. Sisi uzioni tulitazama buti zetu. Kila mmoja wetu alikuwa amemwona Orina akiingia zizini mwaka ule na hakuna aliyelisema.

"Kwa hiyo ulidanganya," Unavi alisema hatimaye. "Hazikuwa mbichi."

Orina alimtazama. Ilikuwa wiki ya Krismasi, msalaba unaning'inia nje ya koti, kila mtu anauona.

"Zilikuwa mbichi," alisema.

"Mnaona!"

"Sasa aonje!" alisema Artyom, macho yamelowa. "Huu ndio wakati wake, aonje!"

Orina alichukua kipande. Akakiuma, akatafuna polepole.

"Sema," Unavi alisema.

"Zimeiva."

"Halafu?"

"Chumvi."

"Chumvi imefanya nini?"

"Imepungua kidogo, shoga."

Neno hilo shoga lilikuwa halijavuka uzio ule kwa miaka sita. Unavi aliinua kitambaa, akazifunika chapati zilizobaki, akasema zinapoa, kama mtu ana la kusema kuhusu chumvi aingie ndani. Orina akaingia. Mlango ukafungwa, na Artyom akabaki anapiga picha mlango.

Elvira hakulala akiandika tafsiri. Pale pa ulimi aliandika, "Mungu wako akujalie maneno ya baraka." Pale pa kondoo aliandika vilevile, ila adabu akaigeuza afya. Pale pa gogo na benchi aliandika, "Katika shida zako nilikuwa nawe," na hapo, ukifikiria, hakudanganya sana. Filamu ikaonyeshwa. Wenye kusoma Kirusi waliguswa. Bwana mmoja alieleza gazetini kwamba hiyo ni namna ya kale ya kupeana heri, yenye maswali na majibu, iliyohifadhiwa kimuujiza vijijini.

Jambo moja Elvira alikuwa amelisahau: nusu ya wilaya ni Wamari na ina masikio. Hao hawakusoma maandishi ya chini. Simu zikaanza kulia kutoka vijiji ambavyo hata hatukujua vina umeme, watu wanauliza kama kweli zilikuwa mbichi. Elvira alikusanya vitu vyake vya ofisini kwenye mfuko, akasubiri kufukuzwa. Mkubwa wake wa wilayani, ambaye mama yake mzazi ni wa kijiji cha tatu kutoka kwetu, akapiga simu mwenyewe. Kwa muda mrefu haikusikika kitu isipokuwa kicheko cha mtu anayetafuta pumzi.

"Walete na mwakani," alisema alipoipata. "Ila waambie wapunguze ukweli."

Padri naye alisikia. Jumapili moja alimwita Orina pembeni, akamuuliza kama ni kweli amemtakia mpagani heri ya sikukuu yake, tena hadharani.

"Niliwaombea kondoo, Baba," Orina alisema. "Kondoo hawana dini."

"Na mwenye kondoo?"

"Mwenye kondoo ni shauri langu na lake."

Padri, ambaye ni mtu wa kwetu na alikuwa ameitazama filamu mara mbili, akaenda kuzima mishumaa.

Basi ndiyo ikawa. Mtu asidhani kwamba walikumbatiana wakaishi kwa utulivu. Walirudi kugombana kila siku tangu alfajiri, kufidia miaka yote sita waliyokosa, na sisi majirani tulikuwa tumezoea kulala. Unavi sasa ni mpagani wa wilaya. Wageni wakija na kamera hutoka ameshavaa sarafu, huwauliza wanataka heshima ya kawaida au ile kuu.

Krismasi iliyofuata Orina alikwenda kanisani kijiji cha pili, ibada ikakesha, akarudi asubuhi kwenye gari la mpwa wake, kope zimeshikana kwa baridi. Alitegemea nyumba iliyoganda. Alipofungua mlango, joto lilimpiga usoni. Unavi alikuwa amekaa mbele ya jiko, ana kijiti cha kuchokolea moto mkononi, na kwenye rafu chini ya watakatifu kile kitaa kidogo cha mafuta kilichokuwa kimezimika kilikuwa kinawaka tena.

"Krismasi njema," Unavi alisema, bila kugeuka. "Huyo babu wenu wa katikati pale ukutani alikuwa gizani, nikamwonea huruma. Sijui kama nimekosea."

"Hujakosea," Orina alisema.

Akavua buti, akavuta kigoda, wakakaa wakiota moto.