Jicho la Sentimita Tisini na Mbili

Kwa miaka miwili mshona mapazia aliamini kwamba ukungu uko kwenye kioo. Alifuta miwani kwa pindo la gauni, akafuta dirisha la chumba chake cha kushonea, na Jumamosi akifika klabuni alifuta hata kitundu cha nyuma cha bunduki, kile kitundu kidogo kama punje ya mtama ambamo mlengaji huchungulia. Ukungu haukutoka. Vitu vyote vilikuwa vimelainika pembeni, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na kusema kweli hali hiyo haikumchukiza sana. Taa zilivaa mashada. Watu walimjia kutoka mbali bila nyuso, wakapata nyuso walipomkaribia, mmoja mmoja, kama wanaoamka usingizini.

Kilichomchukiza ni karatasi ya shabaha.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Klabu yenyewe ilikuwa ukumbi mrefu uliowahi kuwa ghala la karatasi, ambamo watu kumi na wawili hivi, wengi wao wastaafu, walikutana kila Jumamosi asubuhi kupiga bunduki za upepo. Shabaha zilikuwa vikaratasi vilivyobanwa ukutani, mita kumi mbele. Alipelekwa pale na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwaka ule wa msiba, alipokuwa hasemi na mtu. "Twende, shemeji," alimwambia. "Kule hakuna wa kukulazimisha kuongea. Ukiongea ndiyo wanakufukuza." Akaenda mara moja, na mara moja hiyo ikawa miaka kumi na minne. Wakambandika jina la Mama Kumi, kwa kuwa risasi zake zilikipenda kidoa cha katikati, chenye alama kumi.

Alichokipenda yeye ni ule muda mfupi kabla ya risasi. Pumzi imetoka nusu, moyo umepiga, na kabla haujapiga tena kila kitu kinatulia tuli. Mwisho wa mtutu kuna kipete cha chuma, na ndani ya kipete kinaelea kidoa cheusi cha shabaha. Hapo hakuwa mjane wala mama wa mtu. Alikuwa anaangalia, basi.

Sasa kipete kilikuwa kimeota manyoya, na kidoa kilikuwa viwili. Jumamosi moja alipiga kumi safi, katikati kabisa, kwenye karatasi ya shemeji yake.

"Ahsante kwa zawadi," shemeji akasema bila kugeuka. "Lakini Jumatatu nenda ukaone daktari."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimwambia aweke kidevu kwenye mashine, akachungulia kulia, akachungulia kushoto.

"Ni mtoto wa jicho, mama. Macho yote mawili, ila la kulia limezidi."

"Mtoto? Kwa umri huu?"

Daktari alicheka, kisha akavuta kiti karibu. Lenzi aliyozaliwa nayo imegeuka maziwa, alimwambia. Itatolewa, na mahali pake itawekwa nyingine, safi. Ila hii mpya haijikunji wala haijikunjui kama ile ya ujanani. Ya kawaida ina umbali mmoja tu inaouona vizuri sana, na umbali huo huchaguliwa kabla. "Wengi huchagua mbali, wakavaa miwani ya kusomea. Wengine huchagua karibu. Na ipo inayogawa mwanga ili uone mbali na karibu pia, ila inaweza kuzizungushia taa miduara, na vitu hafifu vikafifia zaidi. Wewe siku zako unazipitishaje?"

"Nashona mapazia. Na Jumamosi nalenga shabaha."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Unalenga kwa jicho lipi?"

"La kulia."

"Ukilenga, macho yanakaa kwenye kipete cha mbele au kwenye karatasi?"

"Kwenye kipete. Karatasi naiacha ielee."

"Kipete kiko umbali gani na jicho?"

Mtu aliyepima madirisha ya nusu ya mji hakuwahi kukipima kipete chake. Daktari akampa wiki moja.

Jumamosi alilala mahali pake mstarini, shavu kwenye kitako cha bunduki, na shemeji akainama na futi kamba ya mapazia kutoka pembe ya jicho hadi kwenye kipete. Tisini na mbili. Wakapima tena, wakapata ileile.

"Mimi nilipopasuliwa yangu nilichagua ile ya kuona kote," shemeji akasema huku akikunja futi. "Gazeti nasoma, gari naendesha, sina kinyongo nayo. Lakini hapa mstarini kipete changu kina kivuli chake, kama kimekuja na mdogo wake. Wapo wasiolalamika. Mimi nakwambia langu."

Alipofika nyumbani alikata fimbo ya pazia urefu huohuo, akaifunga pete ya shaba kwenye ncha moja, na wiki nzima akatembea nayo. Aliegemeza ncha tupu chini ya jicho la kulia akaiacha ile ya pete iguse chochote itakachogusa. Iligusa bomba la jikoni akiwa amesimama kwenye kizingiti. Iligusa pazia lililotundikwa, pale pale anaposimama akilibana kwa pini. Haikufika barabarani, haikufika hata kwenye lango. Mchana mmoja alikaa mezani, akaielekeza kwenye kiti cha upande wa pili kilichokuwa kitupu, na pete ikaning'inia hewani mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa. Aliitazama muda mrefu ikiyumba yumba, mpaka chai ikapoa.

Binti yake, mhasibu asiyependa kusubiri, alimkuta hivyo.

"Mama, hiyo ni nini tena?"

Akamweleza. Binti akakaa kwenye kiti kile, na pete ikawa mbele ya pua yake.

"Yaani unachagua jicho la maisha yote kwa ajili ya mchezo wa Jumamosi? Chagua mbali, mama, kama watu wote. Utavukaje barabara?"

"Kwa miwani."

"Na si ulisema umechoka na miwani?"

"Nimechoka na ukungu. Miwani nimeizoea." Akaishusha fimbo. "Mwanangu, mbali kuna nini? Mabango. Basi linakuja, nitalijua kwa mlio. Mambo yangu yote yako hapa, urefu wa fimbo hii. Hata wewe uko hapa."

Binti akaishika pete kwa vidole viwili, taratibu, isiyumbe. "Haya," alisema. "Ila siku ya kwanza kuvuka barabara, utavuka na mimi."

Mlangoni pa hospitali mlinzi aliizuia fimbo. "Mama, hii ni silaha?"

"Ni ya pazia."

"Na pazia liko wapi?"

"Machoni," akajibu, akapita.

Daktari aliipima mwenyewe, akaandika. Alimweleza kwamba kitundu kile kidogo cha nyuma kitamsaidia karatasi isipotee kabisa, maana tundu dogo hunoa hata kilicho mbali. Alimwonya pia kwamba vipimo vina makosa yake, huenda wakakosea kwa upana wa kiganja au zaidi. Mshona mapazia akasema upana wa kiganja anaujua, ndio upindo.

Siku ya upasuaji walimtia matone mpaka jicho likasahau kwamba ni lake. Alikuwa macho. Juu yake kulikuwa na taa tatu, kisha zikawa ua moja, kisha ua likayeyuka likawa ziwa la rangi ya waridi lenye samaki wa buluu wasio na haraka. Kwa mbali sauti ya daktari ilisema, "Usitikisike, mama." Kutotikisika ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Alitoa pumzi nusu, akasubiri kati ya moyo na moyo, na ziwa likapasuka likawa mwanga mtupu.

Kesho yake walipoondoa bandeji aliona vifungo vya koti la daktari. Vilikuwa vinne, na kimoja kilishonwa kwa uzi usiofanana.

Nyumbani alizunguka chumba cha kushonea kwa muda mrefu, mkono mdomoni. Kitambaa alichokiita rangi ya maziwa kilikuwa cheupe pe, cheupe cha kuumiza. Kwenye mapazia ya mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mkuu mstaafu, yaliyokuwa yakisubiri kupelekwa, pindo lote la buluu lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa zambarau. Akampigia simu, akakiri.

"Hata yale ya mwaka jana ni zambarau," mwalimu mkuu akasema kwa upole. "Nilidhani ndio mtindo mpya. Wageni wameyasifu."

"Nitayafumua."

"Ukiyagusa tutagombana."

Wiki sita zilipita kwa matone na subira. Binti alimvusha barabara siku ya kwanza, mama akiwa na miwani mipya, na siku ya pili akaachwa avuke peke yake, ingawa binti alisimama ng'ambo akijifanya anaangalia simu.

Jumamosi ya saba alirudi mstarini. Kipete kilikuja kikali kama kimechorwa kwa wino, chuma chake kikiwa na mkwaruzo mdogo ambao hakuwahi kuujua. Ndani yake kidoa cha shabaha kilielea laini, bila makali, lakini kimoja. Alipiga risasi kumi: tatu zikaingia kumi, tatu zikaenda tisa, tatu zikaenda saba, moja ikaenda sita. Jumla themanini na nne. Zamani angeona aibu.

"Kiwiko chako kimelegea," shemeji akasema. "Miezi miwili ya uvivu."

"Najua. Sasa daktari anauliza, na jicho la kushoto je?"

"Utalifanyaje hilo?"

Mama Kumi alikuwa anatia risasi nyingine, polepole, akiitazama ikiingia mahali pake. "Hilo nalitaka la karibu. La kutunga uzi kwenye sindano," akasema. "Haya, nyamaza sasa, wasije wakatufukuza."