Kazi ya Kusikiliza Draivu

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla duka halijafunguliwa, nikasimama juani kwa sababu niliona haya kukaa kwenye benchi la wateja. Duka lilikuwa Lodwar, la kutengeneza kompyuta. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane Lorugum na shule yangu ikaishia hapo. Fundi mkuu, mzee aliyetoka Nakuru, aliniuliza jina mara mbili kabla ya kunisikia.

"Ejok, Akiru," akanisalimia kwa Kiturkana. "Unaogopa kompyuta?"

"Siogopi."

"Unaniogopa mimi?"

Akacheka, akanipa brashi ya kupakia rangi, mpya kabisa. Kazi yangu ilikuwa kutoa vumbi.

Ninyi mnaotumia simu tu hamjui vumbi lilivyotusumbua. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na draivu, kile kisanduku kinachomeza sidii. Ndani yake kuna kijicho cha kioo kinachomulika. Sidii ikiwepo, mwanga hugonga na kurudi, na draivu hujua ina kitu. Kijicho kikishika vumbi, mwanga haurudi vizuri, na draivu husema iko tupu hata kama imejaa. Ndiyo maana watu wa Lodwar walishonea kompyuta zao vitambaa vya kuzifunika, vingine vya maua, kama vya makochi.

Fundi mkuu alinifundisha jinsi kompyuta inavyoamka. Ukiiwasha, ndani yake kuna programu ndogo inayoamka kwanza. Hiyo haijui kitu. Ina orodha tu ya milango, na huuliza mmoja mmoja: draivu ya sidii, una kitu? Flashi, upo? Diski kuu, upo? Mlango wa kwanza kujibu ndio unaosomwa, ili kutafuta mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayosimamia kazi zote. Mfumo endeshi nao ukiamka hauamini yaliyosemwa kabla yake. Huuliza milango upya, na huendelea kuuliza siku nzima, kama kuna mtu ameingiza kitu au amekitoa.

Mwaka wangu wa pili, mwalimu mmoja wa Kalokol alileta kompyuta iliyosimama kwenye skrini nyeusi. Nilipovua kitambaa niliona flashi ndogo nyeusi imechomekwa nyuma. Nikadhani fundi mkuu ameiona. Hakuiona. Alifuta diski kuu, ghala la kila kilichohifadhiwa, na kuweka mfumo mpya, na maandalio yote ya masomo ya yule mwalimu yakaenda. Mashine ikasimama tena palepale, kwenye skrini nyeusi. Ndipo akazungusha mkono nyuma akaigusa ile flashi. Mashine ilikuwa inaiuliza flashi, flashi inajibu ipo, lakini haina cha kuamshia.

"Uliiona?" akaniuliza.

"Niliiona."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akamwambia mwalimu, "Kosa ni langu." Mwalimu akabeba kompyuta yake bila kuaga. Kisha fundi mkuu akaniambia, bila hasira, "Hii mashine haina akili, lakini inauliza. Wewe una akili na huulizi."

Baadaye nilihamia Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kwenye kituo cha kufundishia kompyuta. Msimamizi wa kituo alikuwa mtu wa haraka. Siku moja Mama Furaha, Mkongo, mwalimu wa kwaya, alileta mashine kuukuu kwenye toroli, imefungwa kitenge.

"Dada, mutoto anasema imekufa," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "njo" ni "ndiyo". "Mule ndani kuko sauti ya mama yangu. Anaimba zile nyimbo za kwetu. Njo moja tu iko, kopi hakuna. Na yeye tulishamuzika."

Msimamizi aliiwasha mara moja. Skrini nyeusi. "Futa, weka upya," akaniambia. "Wanafunzi wanangoja hiyo meza."

Mama Furaha hakuelewa neno hilo lina maana gani kwa sauti ya mama yake. Mimi nilielewa. Kichwani nilimwona yule mwalimu wa Kalokol akiondoka na kompyuta yake.

"Bosi," nikasema, "naomba kuisikiliza kwanza."

"Kuisikiliza? Ni redio?"

Wanafunzi wakacheka. Nikainama hivyo hivyo, nikaweka sikio kwenye draivu. Krr, krr, kimya. Krr, krr, kimya. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka na kuzima. Milango ya flashi ilikuwa mitupu, nyuma na mbele. Hii draivu ilikuwa na kitu, ilikuwa inajaribu kukisoma na kushindwa, na mashine nzima ilikuwa inaingoja.

Nikabonyeza kitufe, kisinia kinachobeba sidii hakikutoka. Mchanga ulikuwa umekikaba. Kila draivu ina kitundu kidogo mbele cha kufungulia kwa mkono. Nikazima umeme, nikakata waya mgumu ninaotungia shanga, nikausukuma mle. Kisinia kikatoka kidogo, nikakivuta. Kulikuwa na sidii ya harusi, imekwaruzwa kama imeburutwa lagani, kwenye mchanga wa mto mkavu.

"Ah, njo harusi ya mutoto wangu Baraka," Mama Furaha alisema. "Tuliitafuta mpaka tukagombana na bakwe."

Nikaiwasha tena. Draivu ikajibu iko tupu, diski kuu ikajibu ipo. Mfumo ukaamka, Mama Furaha akanionyesha wimbo wa kufungua, na sauti ya mwanamke mzee ikatoka kwenye spika, nyembamba, ikikohoa kabla ya kuimba. Mama Furaha aliketi chini kwenye sakafu. Msimamizi alivua kofia, na hakusema tena habari ya meza.

Mimi si mzee. Kazi yangu ndiyo iliyozeeka kabla yangu. Kituo kimeleta mashine nyembamba zisizo na draivu, na mwezi uliopita waliniaga. Sasa niko Lorugum, nina kiduka, na haya nimeyaandika polepole, jioni moja mistari michache. Ule waya bado ninao.

Siku ya kuniaga msimamizi alinitaka niseme neno kwa mafundi wapya. Nikasimama.

"Kabla ya kufuta, ulizeni," nikasema, nikakaa.

"Ni hayo tu, Akiru?"

"Mwache," Mama Furaha akasema kutoka nyuma. "Kwake yeye, hiyo njo hotuba murefu."