Dawa ya Nguruwe Iliyopikwa Ikaiva

Wiki hii nilikuwa Bwera, kwenye duka la dawa za mifugo, kununua dawa ya minyoo ya mbuzi wangu. Mbele yangu mama mmoja, mfanyabiashara kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, aliweka kopo tupu juu ya kaunta kama mtu anayeleta ushahidi.

"Dokta, hii poda ya tumbo haikusaidia kitu. Batoto ba nguruwe bane bamekufa na kuhara. Bamebakia batano."

Muuzaji akamwuliza alivyoitumia.

"Niliipika mu uji, ikachemka muzuri, juu mikrobe yote ikufe."

Muuzaji akaliinua kopo, akalirudisha chini polepole. "Mama, hii dawa yenyewe ni hao mikrobe, wadudu. Wadudu wazuri, wanalinda tumbo. Iko hai. Wewe ulipika yote."

Mama akarudi nyuma hatua moja, mkono mdomoni. "Munaniuzisha mikrobe?"

Muuzaji akamwambia hao ni wa kulinda, na safari hii awakoroge kwenye uji uliopoa. Tangu ebola ituzungukie hapa mpakani, tumenawishwa klorini mpaka mikono ikapauka, na somo lilikuwa moja tu: mdudu auawe. Hakuna aliyerudi kutuambia kwamba wengine ni askari wetu.

Alinunua kopo jingine, akalishika kwa vidole viwili. Pale mlangoni, kwenye jerikani ya klorini, akanawa mikono, kisha akaliosha na kopo lenyewe.

Nilitaka kucheka. Lakini nilikuwa nyuma yake nikingoja kunawa, maana ile kaunta nilikuwa nimeigusa.